Ukitaka bia ya bei nafuu katikati ya London

Kwa mnaopita London na mnatamani kukaa kwenye baa ya Kiingereza ya kizamani bila kukamuliwa: tafuteni baa za Samuel Smith, kiwanda cha bia cha Tadcaster, Yorkshire. Mbili nzuri ni Princess Louise, High Holborn, na Ye Olde Cheshire Cheese, Fleet Street, iliyojengwa upya 1667 baada ya moto mkubwa ulioteketeza London 1666. Nenda mwenyewe kaunta (usikae mezani ukisubiri kuhudumiwa), uagize bia kwa aina yake, si kwa jina la kampuni: lager (ya rangi ya dhahabu), stout (nyeusi) au bitter (ya kahawia, chungu kidogo). Kwa kawaida utalipa chini ya baa za jirani, kwa sababu kiwanda ndicho chenye baa na kinauza vinywaji vyake tu. Muziki hakuna, televisheni hakuna, watu wanaongea. Princess Louise napenda zaidi: vioo vilivyochorwa, vigae vya rangi, na vijichumba vya mbao ambamo watu wanne wanakaa wakisikilizana vizuri. Hujazoea bia yao? Agiza nusu painti kwanza, mililita 284.

Haitakufaa kama unataka Guinness au Heineken, au kama huwezi kukaa bila simu. Humo simu na kompyuta haziruhusiwi. Ijumaa baada ya saa kumi na moja jioni wafanyakazi wa maofisini hujaa hadi nje, kiti usahau. Nenda saa tisa alasiri, siku ya kazi.