Baada ya risasi: daftari lako na taarifa ya watu wote

Risasi ilinipata pajani nikifunga kibanda changu cha kushona, Eastlands, Nairobi. Mfupa uliunga. Usingizi ndio uliokataa kurudi, na hadi leo bodaboda ikipiga ekzosi mikono hunitetemeka. Nakuandikia wewe uliyepigwa risasi ukabaki hai.

Tangu mwanzo, tenga maandishi mawili: daftari ambalo hakuna atakayelisoma, na taarifa utakayowapa wengine. Ukiyachanganya, utajizuia kwenye daftari kwa kumwogopa msomaji, au utamwaga hadharani jambo ambalo bado ulihitaji kukaa nalo peke yako.

Daftari lianze ukishaweza kula na kulala japo kidogo. Mwaka 1986 huko Marekani, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Walioandika jambo lililowaumiza pamoja na walivyohisi walikwenda kliniki mara chache zaidi miezi iliyofuata. Ila punde baada ya kuandika, walikuwa na huzuni zaidi. Lijue hilo mapema ili huzuni isikutishe. Andika mchana, usiandike ukielekea kitandani, na uwe na kazi nyepesi ya kufanya ukimaliza. Mimi hukunja nguo za wateja.

Ukishindwa kuandika mlio wenyewe wa risasi, anzia pembeni. Nilianza na vilivyokuwa mezani: sare ya shule yenye upindo nusu, mkasi, redio. Tahajia isikusumbue, wala lugha. Sehemu za mama huziandika kwa Kikamba, maana ndivyo tulivyosemezana wodini. Mwili ukianza kutetemeka, funga daftari, kanyaga sakafu, taja kwa sauti unavyoviona. Na ukijikuta unafikiria kujiua, daftari halitoshi. Mwambie mtu siku hiyo hiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari 1199, kupiga ni bure.

Taarifa ni kazi nyingine kabisa. Fuata saa: ulikuwa wapi, uliona nini, nani alikupeleka hospitali. “Niliona” na “niliambiwa” visikae sentensi moja, kwa sababu hapo ndipo wakili wa upande wa pili atakapokubana. Kurasa mbili zinatosha. Ambatisha nakala za fomu ya P3 (ya polisi, daktari huijaza kuhusu majeraha), nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), karatasi ya kuruhusiwa hospitali na picha za jeraha zenye tarehe. Karatasi halisi utoke nazo tu zikihitajika, na urudi nazo.

Ikiwa aliyefyatua ni polisi, taarifa ipeleke IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inakupa nafasi ya kueleza jinsi tukio lilivyoathiri maisha yako. Na Kifungu cha 119 cha Katiba kinamruhusu kila mtu kuwasilisha ombi Bungeni. Popote unapopeleka, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Usiende peke yako. Mwaka 2017, kituo cha haki za kijamii cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu mauaji ya polisi, na simulizi za familia zilikuwa msingi wake. Simulizi moja hupuuzwa kwa urahisi. Nyingi zenye tarehe na mahali zinahitaji jibu.

Kabla ya kusimama mbele ya watu, amua usichosema. Mimi sielezi damu, na maswali kuhusu wanangu siyajibu. Mwanahabari akija, muulize habari itatoka wapi na lini, na kama sura yako itaonekana. Una haki ya kukataa hata kama ulikubali jana. Mwombe mtu akusubiri mlangoni mrudi pamoja, na kesho yake usijipangie kazi nzito.