Kukeneka mafuta ya mnanaa na kuyapima kwa bakteria

Mnanaa wa chai, Mentha spicata, hauna mentoli, ile kemikali inayoleta ubaridi, ya kutajika. Harufu yake ni ya kemikali nyingine, karvoni, ambayo mara nyingi huwa asilimia 50 hadi 70 ya mafuta. Limonini huifuata, kisha sineoli kidogo. Ukinusa chupa ikakupiga ubaridi mkali puani, basi mafuta hayo ni ya mnanaa mwingine. Ajabu ni kwamba karvoni hiyohiyo, molekuli yake ikigeuka kama mkono wa kushoto kwa wa kulia, hunukia kisibiti.

Vuna mimea inapoanza kuchanua, umande ukishakauka. Mafuta yamo kwenye vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani, kwa hiyo usikatekate wala kuponda: vikipasuka, harufu yote inaishia hewani. Tandaza kivulini hadi majani yanyauke tu.

Kilo 10 za majani mabichi hutoa takriban mililita 20 hadi 40. Ndani ya chombo cha kukenekea, panga majani juu ya wavu, maji yanayochemka yakiwa chini bila kuyagusa. Yakilowa, mafuta hutoka na harufu ya mboga iliyochemshwa. Ukiyapanga ovyo, mvuke hujitafutia njia moja na kuacha majani mengine hayajaguswa. Bomba la kupozea lisiwe la moto mwishoni; ukiona mvuke unatoka mdomoni mwake, punguza moto upesi. Tangu tone la kwanza, endelea dakika 60 hadi 90. Wanaozima mapema hupata mafuta yenye limonini nyingi, kwa kuwa karvoni ni nzito na hukawia.

Mafuta yataelea. Yatenganishe, yaache yatulie usiku kucha, kisha uyamimine kwenye chupa nyeusi ya kioo uliyoijaza karibu na shingo. Plastiki hulainika. Hewa ikibaki nyingi, limonini huoza kwa oksijeni, na mafuta ya namna hiyo ndiyo huwasha ngozi.

Kwa kipimo, paka bakteria Staphylococcus aureus kwenye sahani ya agari (rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria), weka kijiduara cha karatasi cha milimita 6 chenye mikrolita 10 za mafuta, na kingine cha kulinganishia chenye kiyeyushi (kioevu cha kuyeyushia mafuta) peke yake. Acha kwenye nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24, kisha pima kipenyo cha eneo tupu ambako bakteria hawakuota. Rudia kwa Escherichia coli, ambayo kwa kawaida huwa sugu zaidi, kwani utando wake wa nje huzuia mafuta yasipenye.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kubandika vijiduara vingi kwenye sahani moja. Mvuke wa mafuta husambaa chini ya kifuniko, hata kijiduara cha kiyeyushi kikaonekana kuua bakteria. Mafuta nayo hayapendi maji ya agari, husambaa kidogo, hivyo eneo dogo halimaanishi mafuta dhaifu. Rudia kwa mchuzi wa kuoteshea bakteria, ukichanganya na Tween 80 (kiungo kinachosaidia mafuta kuchanganyika na maji) ya asilimia 0.5, na utafute kiwango cha chini kabisa cha mafuta kinachozuia ukuaji.