Jinsi ya Kuchagua Ubao wa Kasia Utakaobeba Pia Tanga: Mwongozo kwa Wanaoanza Kisumu

Watu wanaokuja kwangu ufuoni Dunga na picha ya ubao wa kasia kwenye simu, yaani ule unaosimama juu yake na kupiga kasia, huniuliza karibu wote swali lile lile: je, huu una tundu la mlingoti? Swali ni zuri, lakini si la kwanza. Ubao wowote wenye tundu unaweza kusimamishiwa tanga na kusukumwa na upepo. Kinachoutofautisha ubao wa tanga na gogo linaloelea ni uwezo wa kukurudisha ulikoondokea. Mbao nyingi nilizoona zikirudishwa dukani au kutupwa stoo zilikuwa na tundu, tena tundu safi. Kilichokosekana kilikuwa upande wa chini.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe ninapokagua ubao wa mtu kabla hajalipa. Ikiwa unataka kupiga kasia tu, huhitaji zaidi ya hatua ya 2.

Hatua ya 1: Ujue upepo wako kabla ya kuujua ubao

Katika Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, upepo hupokezana zamu. Asubuhi hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa upole, na mara nyingi maji hulala kama kioo. Jua likishapasha ardhi joto, kuanzia adhuhuri hivi, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, kutoka magharibi au kusini-magharibi, ukiingia Kisumu hadi jioni. Wavuvi wanaotumia mashua za tanga wameijua ratiba hii tangu zamani: hutoka na upepo wa asubuhi, hurudi na ule wa alasiri.

Kwa hiyo ubao mmoja wa kazi mbili unafaa sana huku kwetu, kwa kuwa asubuhi ni ya kasia na alasiri ni ya tanga. Lakini angalia matokeo yake. Alasiri, unapoondoka Dunga, upepo unakupiga usoni. Ubao usioweza kubisha, yaani kwenda mshazari mara kulia mara kushoto huku ukiukaribia upepo, hautatoka ufuoni hata kidogo. Hilo ndilo sharti ninalolipima katika hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito, kisha utazame upana

Lita moja ya maji ya ziwa ina uzito wa kilo moja, hivyo hesabu haina siri. Chukua mtu wa kilo 80. Ongeza kilo 3 za jaketi la kuokolea na nguo zilizolowa, kilo 11 za ubao wenyewe, na kilo 8 za tanga, mlingoti na vifaa vyake. Jumla ni kilo 102, maana yake ubao wa lita 102 ungezama hadi uso wake ukalingana na maji. Kwa anayeanza mimi hudai angalau mara mbili ya jumla hiyo, yaani lita 204 na zaidi.

Mbao za kujaza hewa hazina tatizo hapa, kwa sababu ule wa kawaida wenye urefu wa futi 10 na inchi 6 (sentimita 320) na unene wa inchi 6 (sentimita 15) hupita kiwango hicho kwa urahisi. Upana ndio unaohitaji macho. Usishuke chini ya inchi 32, ambazo ni sentimita 81. Kwa mtu anayezidi kilo 90, inchi 34 ni bora. Unapopiga kasia miguu yako hukaa katikati, lakini unapovuta tanga kutoka majini unahama hatua nzima mbele na nyuma, na ubao mwembamba wa safari ndefu au wa mashindano hukumwaga kabla tanga halijashika upepo. Chagua wenye omo, yaani ncha ya mbele, ya mviringo.

Hatua ya 3: Geuza ubao, tafuta mkuku

Ubao wangu wa kwanza niliuagiza kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Tangazo lilisema ni ubao wa kasia na tanga. Tundu lilikuwepo, na nyuma kabisa yalikuwepo mapezi matatu, moja kubwa kiasi na mawili madogo kama masikio. Saa tisa alasiri niliuingiza majini kwa furaha ya mtoto. Kila nilipovuta tanga, omo iligeuka kuukimbia upepo, nami nikasogea kiubavu kama kaa. Baada ya dakika ishirini hivi nilikuwa ndani ya mafunjo, tanga limelalia vichwa vyake, gugu maji limenizunguka pande zote, na kasia nimeliacha nyumbani. Wavuvi wawili walinifuata na mashua yao. Mmoja wao, mzee, aliugeuza ubao, akapitisha kiganja juu ya tumbo lake lililo laini kutoka omo hadi tezi, yaani ncha ya nyuma, kisha akaniuliza, “Mkuku wake uko wapi, mwanangu?”

Mzee alikuwa ameona katika nusu dakika kitu ambacho sikukiona katika miezi mitatu ya kusubiri mzigo. Tanga husukuma ubao mbele na pia kando. Ili nguvu ile ya kando isikupeleke, lazima kitu kirefu kishuke majini na kuipinga, na kitu hicho kiwe karibu na chini ya tanga. Pezi la nyuma peke yake haliwezi kazi hiyo. Linashikilia tezi tu, huku tanga likiisukuma omo, na ubao wote unageuka kama mlango unaozunguka kwenye bawaba. Kuweka pezi kubwa zaidi nyuma hupunguza kuteleza kidogo, lakini bawaba inabaki pale pale.

Unachotafuta ni pezi la kati, ambalo humu naliita mkuku, lililo katikati ya tumbo la ubao, jirani na mlingoti. Liwe la kutoa na kurudisha. Asubuhi unapopiga kasia unalitoa, ubao unateleza na kugeuka vizuri zaidi, alasiri unalirudisha. Sababu ya pili ni gugu maji. Upepo wa alasiri hulisukuma gugu kuelekea upande wa Kisumu, na mizizi yake hung'ang'ania kila kitu kinachosimama wima majini. Pezi lililolala kuelekea nyuma huacha majani yateleze, lakini lililosimama wima huyakusanya kama reki. Muulize muuzaji kama sanduku la pezi linapokea mapezi ya aina nyingine, maana lile la mfereji mrefu wenye bolti na bamba dogo lina vipuri vingi kuliko vile vya kubana vya kampuni moja moja.

Kama ubao hauna mahali pa mkuku, mimi huishia hapa. Wapo wanaouza kiraka chenye sanduku la pezi cha kugundisha kwa gundi ya PVC, na nimekiona kikifanya kazi kwa fundi mwenye mkono mtulivu, ila sitamshauri mtu anunue ubao mpya akitegemea kiraka.

Hatua ya 4: Nenda na bolti mfukoni

Sasa ndipo tunafika kwenye tundu. Mbao nyingi za kujaza hewa zilizo na tundu huwa na meno ya bolti ya M8, yaani ya milimita 8. Bolti hiyo inauzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, hivyo nunua moja uende nayo. Izungushe kwa vidole, bila spana. Ikiingia laini mizunguko mitano au sita, meno ni mazima. Ikikwama mzunguko wa pili, ama kuna mchanga, ama kipimo ni kingine, ama aliyetangulia aliikaza ikiwa imepinda. Mbao ngumu za zamani zina mfereji badala ya tundu, ambamo kitako cha mlingoti husogezwa mbele na nyuma kabla ya kukazwa. Huo ni mpango mzuri zaidi, kwa sababu unakuwezesha kusawazisha ubao kulingana na tanga.

Tazama pia mahali lilipo. Tundu linapaswa kuwa mbele ya mpini wa kubebea, ambao kwa kawaida umewekwa kwenye kitovu cha uzito. Kisha paka maji ya sabuni kulizunguka wakati ubao umejaa hewa na umwambie mwenzako auvute mlingoti huku na huku. Povu likichemka, gundi imeachia. Kwenye ubao mgumu uliotumika, gonga kwa kucha kuzunguka tundu: mlio mkavu ni mzuri, mlio mzito wa kama mkate uliolowa maana yake maji yameingia kwenye povu la ndani, na ubao huo utaendelea kunywa maji hadi ushindwe kubebeka.

Bolti utakayotumia majini iwe ya chuma kisichoshika kutu. Ile ya bei rahisi ni ya kupimia tu.

Hatua ya 5: Pima ugumu kwa stuli mbili

Mlingoti unasimama katikati ya ubao na kukandamiza pale pale. Ubao laini hupinda kama machela, omo na tezi zikainuka, na nguvu ya upepo ikapotelea kwenye mtikisiko. Jaza hewa hadi psi 15, au kiwango kilichoandikwa kwenye vali ikiwa ni kingine. Weka ncha zake juu ya stuli mbili, nyosha uzi kutoka omo hadi tezi, halafu mtu wa uzito wako asimame katikati. Ukishuka zaidi ya vidole viwili kutoka kwenye uzi, mimi huuacha. Ndani ya ubao mzuri kuna maelfu ya nyuzi zinazoshikilia tabaka la juu na la chini, na katika ule wa bei ya kutupa nyuzi hizo ni chache.

Tahadhari moja kuhusu jua letu. Ubao uliojazwa psi 15 asubuhi, joto likiwa nyuzi 20, ukiachwa juani hadi hewa yake ifike nyuzi 50, utapanda kwa takriban psi 3 bila mtu kuugusa. Utoe hewa kidogo unapopumzika chini ya mwembe, au uuache majini.

Hatua ya 6: Fikiria utaubeba vipi

Ubao wa faiba ni mgumu, wa kasi, na hauhitaji pampu. Una urefu wa mita tatu na zaidi, na sijaona bodaboda aliyekubali kuubeba mara ya pili. Kama huna gari lenye keria ya juu, wala rafiki ufuoni wa kukutunzia, nunua wa kujaza hewa.

Hatua ya 7: Chagua tanga ukikumbuka tuko juu

Jedwali za ukubwa wa matanga huandikwa kwa watu wa pwani. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu moja ya kumi. Upepo wa kasi ile ile unasukuma tanga kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho hicho. Jedwali likisema mita za mraba 5, chukua 5.5. Naivasha, kwa wasomaji wa Nakuru, iko karibu mita 1,890, na pengo linafika takriban moja ya sita. Kwa mtoto au mtu mwepesi, 2.5 hadi 3.5 zinatosha kabisa kwa kujifunzia.

Muulize muuzaji kwa maandishi bei hiyo inajumuisha nini. Mara nyingi neno “tanga” katika jina la ubao lina maana ya tundu tu, na kitako, mlingoti, mshikio (mti unaoushika kuliongoza tanga) na tanga lenyewe vyote vinauzwa kando. Kitako chenye kiungo cha mpira kiinamishe pande zote, kisha angalia nyufa.

Hatua ya 8: Uazime kwa saa moja kabla ya kulipa

Vaa jaketi la kuokolea, beba kasia na simu ndani ya mfuko usioingiza maji, na umwambie mtu wa ufuoni saa utakayorudi. Usitoke alfajiri wala magharibi, nyakati ambazo viboko hutembea, na wingu jeusi likianza kujijenga upande wowote, rudi.

Chagua upepo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, ule unaotikisa majani ya miti bila kukunja matawi. Tafuta mashua iliyotia nanga mbali na ufuo, anzia ubavuni mwake, kisha bisha kwa dakika kumi: elekea kulia hadi uhesabu mia, geuka, elekea kushoto hadi mia, rudia. Mwishoni itazame mashua ile. Ikiwa iko kati yako na ufuo, umepanda joshi, yaani unakotoka upepo, na ubao huo unaweza kukurudisha. Toa bolti, mpe mwenye ubao pesa yake. Ikiwa wewe ndiwe uliye kati ya mashua na ufuo, jaribu mara nyingine ukisimama karibu zaidi na mlingoti, maana huenda kosa ni la miguu. Likijirudia mara tatu, laza tanga juu ya tezi, chukua kasia, umpelekee ubao wake.