Somo: Daftari Kwanza, Ukocha Baadaye

Ndugu zangu, hamjambo. Wiki hii vijana watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali moja: nifanyeje niwe kocha wa mazoezi hapa Kampala? Wote nimewajibu kwa swali: daftari lako la mazoezi liko wapi? Hakuna aliyekuwa nalo. Basi tuanzie hapo, maana asiyeweza kuusimamia mwili wake kwa wiki 12 mfululizo hawezi kuusimamia wa mtu anayemlipa.

Hatua ya 1: Jipime

Ukiamka, kabla hujashuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Pima kiuno usawa wa kitovu kwa tepu ya fundi cherehani. Piga pushapu hadi mgongo uanze kupinda, uandike idadi. Tembea kilomita 2 haraka uwezavyo, uandike dakika. Ndipo uandike lengo. "Nipunguze kitambi" ni tamaa tu. "Kiuno kishuke sentimita 4 ndani ya wiki 12" ni lengo, kwa kuwa tepu itasema ukweli.

Hatua ya 2: Panga wiki, kisha jaza jerikeni

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 au zaidi za mazoezi ya nguvu. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mji wetu umejengwa juu ya vilima, kwa hiyo mlima wa mazoezi uko nje ya mlango. Toka mapema, kabla boda boda na moshi hazijajaa barabarani.

Kwa nguvu, usisubiri hela ya jimu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na karibu kila nyumba Uganda ina jerikeni. Anza na lita 8 kwenye jerikeni ya lita 20: ikumbatie kifuani uchuchumae mara 10, pumzika, rudia hadi seti 3. Kisha inama, mkono mmoja ukishikilia benchi, uivute kwa mkono wa pili hadi ubavuni. Ukimaliza seti zote na ukahisi ungeweza kuongeza mara 3 nyingine, wiki ijayo mimina lita 1 zaidi. Kama mkao wa mwili uliharibika, baki pale pale. Andika lita, marudio, na ulivyolala usiku uliotangulia. Nimewaona watu wenye vyuma vya bei kubwa wakinyanyua uzito ule ule mwaka mzima kwa sababu hawaandiki popote. Mwili hubadilika pale mzigo unapoongezeka kidogo kidogo, na daftari ndilo linalokuonyesha kama umeongezeka.

Hatua ya 3: Chakula

Usiache matoke. Punguza mafuta, na kila mlo uwe na kitu cha kujenga misuli: maharagwe, mukene (dagaa), mayai, karanga. Rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, ya mayai 2 baada ya mazoezi haina ubaya. Ya pili usiku ndiyo inayokurudisha nyuma.

Hatua ya 4: Tafuta mtu mmoja

Wiki 12 zikiisha, mfundishe mtu mmoja bure. Wa kwanza wangu alikuwa mama jirani, miaka 54. Siku ya kwanza nilimchuchumaza kama kijana, na kwa siku 3 alishuka ngazi akishikilia ukuta. Niliona aibu, nikaenda kumwomba radhi. Siku iliyofuata nilimwekea kiti, akawa anakaa na kusimama tu. Hapo ndipo nilipoanza kuwa kocha. Dunia nzima inamjua mwanariadha wetu Joshua Cheptegei, aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 26:11.00 huko Valencia mwaka 2020. Wachache wanamjua aliyekuwa kocha wake wakati huo, Mholanzi Addy Ruiter. Kazi hii ni ya kumtazama mwenzako.

Hatua ya 5: Cheti na bei

Jifunze huduma ya kwanza; Msalaba Mwekundu wa Uganda hufundisha. Mwenye nafasi ya chuo aangalie sayansi ya michezo Kyambogo. Vyeti vya ukocha vya mashirika ya Marekani kama ACE na NASM husomwa kwa intaneti. Bei yako ihesabu nauli na muda wa njiani. Wateja wanataka saa 11 alfajiri hadi saa 2, kisha jioni. Mchana ni mtupu. Lipwa mwanzo wa mwezi, kwa simu.

Maswali ya wanachama

Dada wa Jinja: Kocha, mama yangu ana presha. Afanye?

Jibu: Aende kwa daktari kwanza, dada. Akiruhusiwa, aanze kwa kutembea dakika 10. Akinyanyua kitu asizuie pumzi: atoe pumzi anapoinua. Kifua kikibana au kizunguzungu kikimjia, aache hapo hapo na arudishwe hospitali.

Kaka wa Kisenyi: Mimi ni mlinzi wa usiku. Nifanye mazoezi saa ngapi?

Jibu: Pole na kazi, kaka. Ukitoka lindoni lala kwanza, kwa muda wa saa 6 au 7. Amka, kula, fanya dakika 30 kabla ya kurudi kazini. Usibebe mzigo mzito na usingizi machoni.

Kijana wa Arua: Jimu moja inataka nisaidie bila mshahara miezi 6. Nikubali?

Jibu: Miezi 2, mdogo wangu, na mkubaliane kwa maandishi utajifunza nini. Kama ni kufagia na kupanga vyuma tu, ondoka.

Dada wa Old Kampala: Mimi huvaa hijabu. Nitapata wateja kweli?

Jibu: Utapata, dada yangu. Wako wanawake wengi wasiotaka kufundishwa na mwanamume wala kutazamwa jimu. Anza na 4 kwenye ua wenye uzio, asubuhi watoto wakishaenda shule. Kila mmoja aje na daftari lake.