Somo: Kikombe cha buni kwa mioto mitatu – rangi, lasta, enameli na dhahabu

Tunachora kikombe kimoja na kisahani chake: kitawi cha buni mbivu ubavuni, mkanda wa lasta ya lulu (rangi ya majimaji inayong'aa kama lulu baada ya kuchomwa) kwenye kisahani, nukta za enameli nyeupe (rangi nzito inayobaki imeinuka), na ukingo wa dhahabu. Kazi itaingia tanurini mara tatu. Kinachohitaji joto kubwa hutangulia na dhahabu hufunga. Ukigeuza mpangilio huo, moto wa rangi utaila dhahabu yote.

Kuchagua kikombe

Tafuta kauri nyeupe yenye gleizi (tabaka la juu linalong'aa kama kioo), isiyo na nakshi. Kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, kiinue kuelekea jua na uweke vidole nyuma yake. Kauri halisi hupitisha mwanga hadi kivuli cha vidole kionekane. Kikatae kikombe chenye nyufa nyembamba ndani ya gleizi, maana kimenyonya maji na mafuta ya miaka mingi, na motoni kitatoa madoa meusi yasiyofutika.

Kioshe kwa sabuni, kikauke, kisha kifute kwa pamba yenye spiriti. Kuanzia hapo kishikwe kwa mpini tu. Alama ya kidole huioni sasa, lakini tanuri litaionyesha.

Moto wa kwanza: rangi, nyuzi 800

Chora mstari wa kitawi kwa kalamu ya nibu, kwa rangi ya unga ya kuchorea kauri iliyokorogwa na maji ya sukari. Sukari ikikauka haiyeyuki kwenye mafuta, hivyo unaweza kupaka rangi juu yake bila kuvuruga mstari.

Kwa majani na buni, weka robo kijiko cha chai cha unga kwenye kipande cha kioo, ongeza mafuta ya karafuu tone kwa tone, usage kwa kisu bapa hadi iwe laini kama dawa ya meno. Punje isiyosagika hubaki kama mchanga hata baada ya moto. Mafuta ya karafuu hukauka polepole na kukupa nafasi ya kurekebisha. Ubaya wake ni kwamba vumbi nalo hupata nafasi, kwa hiyo Januari na Februari funika kazi kwa boksi.

Angalia sana nyekundu. Nyekundu ya chuma huchanganyika na rangi nyingine lakini hufifia ikichomwa mara nyingi. Nyekundu ya kadimiamu (metali yenye sumu) inang'aa kweli, ila ikichanganywa na ile ya chuma hugeuka kahawia chafu. Kila moja iwe na brashi yake. Paka nyembamba, rangi nene hutoka malengelenge au hubanduka. Ndani ya kikombe usipake kitu, na nje rangi ikomee sentimita 2 chini ya mdomo.

Tanuri lipande taratibu hadi nyuzi 500 kwa saa mbili, kifuniko kikiwa kimeinuliwa kama sentimita 2 ili moshi wa mafuta utoke. Kisha funga, lipande haraka hadi 800, kaa hapo dakika 10, zima. Usifungue kabla halijashuka chini ya 100. Kama kipimajoto hukiamini, weka koni namba 015 (kipande cha kauri kinachopinda joto linapofika) karibu na kikombe.

Moto wa pili: lasta, nyuzi 760

Lasta nyingi chupani ni za kahawia, hata ile ya lulu, kwa hiyo usiitambue kwa macho, soma lebo. Paka kwa mapigo machache, kisha gongagonga kwa sifongo laini ndani ya dakika moja, kabla haijashika. Chembe moja ya vumbi huacha nukta nyeupe. Tone la maji huharibu mkanda wote, na ndiyo sababu wakati wa masika brashi zikaushwe kabisa. Acha ikauke siku nzima.

Mvuke wake ni mkali na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, na tanuri lisikae jikoni.

Moto wa tatu: enameli na dhahabu, nyuzi 740

Koroga enameli iwe nzito, ichukue kwa ncha ya sindano, uiguse kauri, uinue wima. Nukta isizidi kichwa cha kiberiti. Hakikisha lebo yake inakubali joto hili.

Dhahabu ya maji ipakwe ikiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ikiwa nyeusi tii ni nene mno, itapasuka. Weka kikombe katikati ya meza ya kuzunguka, shika brashi ikiwa imetulia, uzungushe meza. Ukichafua, futa kwa spiriti mara mbili, kila mara kwa pamba mpya, kwa sababu ukungu usioonekana hutoka motoni ukiwa zambarau. Brashi ya dhahabu isiguse rangi nyingine kamwe. Kifuniko kiinuliwe hadi 500 kama mwanzo.

Maswali ya wanachama

*Swali (Pasua, Moshi):* Shikamoo mwalimu. Ukingo wangu umetoka zambarau badala ya dhahabu.

*Jibu:* Marahaba. Tabaka lilikuwa jembamba, au joto lilipita kiasi. Safisha kwa spiriti, paka tena juu yake, choma kwa 740. Sehemu kubwa hurudi.

*Swali (Njiro, Arusha):* Dhahabu yangu inang'aa vizuri lakini nikisugua kwa kidole inatoka.

*Jibu:* Joto halikutosha. Gleizi lazima ilainike kidogo ndipo dhahabu ishike. Paka upya na uongeze nyuzi 20.

*Swali (Majengo, Moshi):* Umeme ukikatika katikati je?

*Jibu:* Usifungue kifuniko kuchungulia. Hewa baridi hupasua kauri. Umeme ukirudi, anza tena hadi joto lilelile. Kama ulikuwa umekatika chini ya 500, rudisha mwanya wa moshi.

*Swali (Sakina, Arusha):* Dada, sina tanuri. Oveni ya jikoni au jiko la mkaa havifai?

*Jibu:* Havifai, ndugu yangu. Oveni huishia kama nyuzi 250, na hapo hakuna kinachoshika. Mkaa joto lake halilingani na moshi wake hufubaza lasta. Afadhali kuchanga na kulipia nafasi kwenye tanuri la umeme la mfinyanzi.

*Swali (Soweto, Moshi):* Nukta za enameli zimebanduka na kuacha vishimo.

*Jibu:* Zilikuwa nene, au zilichomwa zaidi ya mara moja. Enameli iingie moto wa mwisho tu. Kishimo hakizibiki, kifiche kwa jani dogo la dhahabu.

*Swali (Pasua tena):* Kikombe kinywewe chai au kiwe pambo?

*Jibu:* Kama lebo za rangi na dhahabu zinasema hazina madini ya risasi wala kadimiamu, kinywewe. Buni zikiwa za nyekundu ya kadimiamu, kiwe pambo. Kioshwe kwa mkono na kitambaa laini, bila stiliwaya, na kisiingie kwenye maikrowevu: dhahabu hutoa cheche na ukingo huungua.