Huu ni udongo gani? Kutambulisha ukoo wa udongo, kuanzia shimoni hadi karatasi ya maabara

Watu huniletea udongo ndani ya kopo la Kimbo. Wanauweka mezani, wanauliza: "Huu ni udongo gani?" Kupima pH, yaani uchachu wake, naweza, na kusema una mfinyanzi asilimia ngapi naweza pia. Lakini ni udongo gani, hapo nakwama, maana kopo halina mteremko, halina mvua, wala halisemi kilichokuwa chini yake.

Ninachoeleza hapa ni namna ya kulijibu swali hilo sawasawa. Vitabuni kundi dogo kabisa la udongo huitwa serisi. Mimi nikiwa shambani husema ukoo, na watu hunielewa mara moja: ni udongo uliozaliwa na mwamba wa aina moja, kwenye sura ya nchi inayofanana, chini ya mvua ileile, ukapanga tabaka zake kwa utaratibu mmoja. Ndugu hawalingani kwa kila kitu, ila ukiwaona unajua ni wa mlango mmoja. Mifano yangu ni ya Mombasa kwa sababu ndiko ninakochimba.

Hatua ya 1: Isome nchi kabla ya kushika jembe

Mombasa imepangwa kwa mikanda inayofuata ufuo. Karibu na bahari ni jiwe la matumbawe la zama za Pleistosini, lile lililobeba Nyali, Bamburi na sehemu kubwa ya kisiwa. Ukielekea bara unakutana na michanga, kisha vilima vya mchanga mwekundu ambao wanajiolojia waliuita mchanga wa Magarini, kwa jina la mahali huko Kilifi. Upande wa Changamwe, Jomvu na Miritini kuna mwamba wa sheli, yaani tope la kale lililogeuka jiwe, wa zama za Jurasiki, na huo huzaa udongo mzito unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Fundi wa nyumba wa Jomvu anaujua udongo huo kuliko mimi, maana nyufa za kuta humrudisha kazini kila mwaka.

Ndani ya mkanda mmoja bado kuna mabadiliko ya kutoka juu ya kilima hadi bondeni. Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani kule Usambara miaka ya 1930, ndiye aliyeupa mpangilio huo jina la katena, yaani mnyororo: udongo wa kileleni, wa ubavuni na wa bondeni umefungamana, maji na chembe vikiteremka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo chukua ramani ya mwinuko (ile ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, ya mita 30, ni ya bure), chora mstari mmoja kutoka kileleni hadi mkondo wa maji, na uutembee mstari huo kwa miguu. Andika mteremko kwa asilimia, mimea iliyopo, na mahali rangi inapobadilika.

Ramani za udongo za mtandaoni kama SoilGrids zitakusaidia kupata picha ya jumla. Usiziamini kwa shamba moja. Kipande chake kimoja ni mita 250 kila upande, na juu ya matumbawe nimekuta udongo wa kina cha mita moja na jiwe tupu vikitenganishwa na hatua tano.

Hatua ya 2: Chagua mahali, chimba

Kaa mbali na maboma ya zamani, majaa, vichuguu, kingo za barabara na mahali palipochomwa chokaa. Shimo liwe na urefu wa mita mbili, upana wa mita moja, na kina cha mita moja na nusu, au hadi mwamba ukikuzuia. Ukuta utakaousoma uelekee jua, na usimwage udongo wala kukanyaga juu yake. Kwenye mchanga usiingie peke yako, kuta zake huporomoka bila kubisha hodi.

Hatua ya 3: Soma tabaka, na hapa usifanye haraka

Hapa ndipo ukoo unapojulikana. Maabara huja kuthibitisha tu.

Safisha ukuta kwa kisu, chokoa kidogo kidogo ili muundo wa asili uonekane. Tafuta mahali panapobadilika rangi, ugumu, mizizi au mguso, kisha weka alama kwa misumari. Kwa kila tabaka andika kina, rangi, mguso, muundo, mizizi, mawe, na umbo la mpaka wake na tabaka linalofuata. Rangi isome kwa kitabu cha Munsell, chenye vipande vya rangi vyenye namba, udongo ukiwa na unyevu, ukilipa jua mgongo ili kivuli chako kifunike kurasa. Andika namba yenyewe, kwa mfano 2.5YR 3/6. "Wekundu wa kahawia" wa kwangu si wa kwako.

Mguso hauhitaji chombo. Lowesha donge la ukubwa wa yai la kuku, likande, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Likivunjika mara moja, mchanga umetawala. Likifika sentimita tano bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi.

Siku moja huko Kisauni nilikuwa shimoni nikibabaika na mpaka wa tabaka la pili na la tatu, rangi karibu moja. Mzee mwenye shamba alikuwa amekaa juu ya gogo la mnazi, ananitazama.

"Shikamoo mzee. Hapa pamenichanganya kidogo."

"Marahaba mwanangu. Tazama muhogo. Hapo ndipo unapopinda."

Nikatazama. Kwenye ukuta wa pembeni kulikuwa na mzizi wa muhogo uliokatwa na sururu. Ulishuka wima, ukafika sentimita 45, ukalala kama kiwiko. Nikachomoa donge kutoka hapo, nikalivunja, nikalitazama kwa lenzi: chembe za mchanga zilikuwa zimeunganishwa na utando mwekundu unaong'aa. Huo ni mfinyanzi uliosafirishwa na maji kutoka juu ukagandia chini, na ndio ushahidi mkubwa wa tabaka la mlimbiko.

Mwisho wa hatua hii dondoshea kila tabaka asidi hidrokloriki ya asilimia 10. Likitoa povu, kuna chokaa. Usiruke jambo hili, nitakueleza lilivyoniaibisha.

Hatua ya 4: Chukua sampuli

Chukua kwa tabaka, usichukue kwa vipimo vya rula kama 0–20 na 20–40, vitachanganya tabaka mbili katika mfuko mmoja. Anza chini upande juu ili vumbi la juu lisiangukie sampuli ya chini. Kilo moja kwa tabaka inatosha, na kikaratasi cha jina kiwe ndani na kingine nje. Chukua pia pete tatu za chuma za sentimita 100 za ujazo kwa kila tabaka kubwa. Sampuli zikauke kivulini, zipondwe, zipitishwe kwenye chekecheke la milimita 2.

Udongo wa kando ya mikoko, kama ule wa hori la Tudor, una masharti yake. Upime pH ukiwa mbichi, kisha baada ya kukauka. Ukishuka hadi chini ya 4, una salfaidi zilizogeuka asidi kwa kupata hewa, na huo ni ukoo mwingine kabisa. Waambie maabara pia kwamba una chumvi, kwa sababu kloraidi ya chumvi huifanya njia ya Walkley na Black, inayopima kaboni, ionyeshe kaboni ambayo haipo.

Hatua ya 5: Isome karatasi ya maabara kwa penseli mkononi

Omba haya: mgawanyo wa chembe kwa haidrometa, pH katika maji kwa uwiano wa 1:2.5, upitishaji umeme, kaboni, fosforasi, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu zinazobadilishana, CEC (uwezo wa udongo kushika virutubisho hivyo) kwa amoniamu asetati ya pH 7, na maji yanayoshikwa na udongo kwa nguvu ya kilopaskali 33 na 1,500. Kwa fosforasi, udongo uliotoa povu uombee njia ya Olsen.

Tuseme shimo la mchanga mwekundu limekurudishia mfinyanzi asilimia 12 juu, 17 katikati na 26 chini. Kwa mfumo wa kuainisha udongo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa 1988, udongo ambao tabaka lake la juu lina mfinyanzi chini ya asilimia 15 unahitaji nyongeza ya pointi 3 tu ili tabaka la chini lihesabiwe la mlimbiko. Kutoka 12 hadi 17 ni pointi 5. Sharti limetimia, na lenzi ilikwisha kuona utando.

Sasa CEC. Tuseme tabaka la chini ni sentimoli 3.9 kwa kilo ya udongo. Gawanya kwa mfinyanzi: 3.9 ÷ 0.26 = 15 kwa kilo ya mfinyanzi. Iko chini ya 24, maana yake mfinyanzi wenyewe ni mchovu, wa jamii ya kaolini. Jumlisha kalsiamu na wenzake, ndizo besi, tuseme ni 2.5; 2.5 ÷ 3.9 ni asilimia 64. Imepita 50, kwa hiyo udongo huu unaingia katika Liksisoli. Ingekuwa chini ya 50, ungekwenda kwa jirani yake, Akrisoli.

Nilichokosea mimi ni hiki. Zamani nilipokea karatasi yenye asilimia 140 mahali pa hiyo 64. Nikapiga simu maabara kwa ukali, nikasema chombo kina mdomo mkubwa kuliko mtungi. Fundi aliniuliza kwa upole: "Ndugu yangu, ulidondosha asidi?" Sikuwa nimedondosha. Shimo lilikuwa juu ya matumbawe, na amoniamu asetati huyeyusha sehemu ya chokaa, kalsiamu yake ikahesabiwa kana kwamba ilikuwa imeshikwa na mfinyanzi. Namba haikuwa na kosa la mashine. Aliyekosea ni aliyeisoma bila shimo. Nilimwomba radhi, na tangu siku ile chupa ya asidi hukaa mfukoni pamoja na kisu.

Hatua ya 6: Weka mvua na jua juu ya udongo

Chukua takwimu za mvua na joto za miaka 30 kwa mwezi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo uwanja wa ndege wa Moi. Kwa mahali pasipo na kituo, data ya CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotumia setilaiti, inaanzia mwaka 1981. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 hadi 1,100 kwa mwaka, kilele cha mvua za mwaka kikiwa Mei, vuli ikirudi Oktoba hadi Desemba, na Januari na Februari zikiwa kavu wakati kaskazi inavuma.

Joto la udongo ni rahisi: wastani wa mwaka umepita nyuzi 22, na tofauti ya miezi ya joto na ya baridi haifiki nyuzi 6. Unyevu ndio unaotaka hesabu. Kwenye shimo letu tuseme maji kati ya kilopaskali 33 na 1,500, yale ambayo mmea unaweza kuyanywa, ni asilimia 6 kwa uzito, na pete ya sentimita 100 imetoa gramu 148 baada ya saa 24 kwenye oveni ya nyuzi 105, yaani gramu 1.48 kwa kila sentimita ya ujazo. Zidisha: 6 × 1.48 ni karibu asilimia 8.9 ya ujazo, sawa na milimita 89 katika mita moja. Mimea ikinywa milimita 5 kwa siku, akiba inakwisha siku ya kumi na nane. Januari na Februari zina siku 59. Ukihesabu hivyo mwaka mzima utaona udongo unakauka kwa zaidi ya siku 90 na bado unapata msimu mzima wa unyevu. Tabia hiyo wataalamu huiita ustiki.

Mvua hiyohiyo inaeleza pH. Miezi ambayo maji huzidi kiasi kinachotoka kwa mvuke ni michache, kama Aprili na Mei, kwa hiyo besi huoshwa bila kwisha. pH ya 6 na ushei hapo inapatana na asilimia 64. Ungepata 4.5 ningekuambia rudi ukakague sampuli.

Hatua ya 7: Upe mipaka, kisha jina

Shimo moja ni mtu mmoja, bado hujaona ukoo. Zunguka na keekee ya udongo kwenye sehemu kumi au zaidi zenye mwamba na mteremko uleule. Andika upeo: tabaka la mlimbiko linaanza kati ya sentimita ngapi na ngapi, mfinyanzi wake, rangi yake, kina hadi mwamba. Andika pia jirani zake na kinachowatofautisha. Udongo mwekundu juu ya matumbawe na ule wa vilima vya mchanga hufanana kwa macho, lakini mmoja una jiwe kwenye sentimita 60 na povu chini, mwingine hauna mwisho wala povu. Hao ni koo mbili.

Jina lichukue mahali lilipo shimo la mfano. Weka kila kitu ukurasa mmoja: eneo kwa GPS, mwamba, mteremko, mvua, tabaka, namba za maabara, upeo.

Kisha fukia shimo kabla mbuzi hajatumbukia. Udongo wa chini urudi chini na wa juu uje juu. Yule mzee wa Kisauni alisimama pembeni mpaka nilipomaliza, akapanda kipande cha muhogo palepale.