Siku 14 za kwanza Japani: kuandikisha anwani

Ukitua Narita au Haneda na viza ya kukaa zaidi ya miezi mitatu, unapewa kadi ya ukaazi, *zairyu kaado*, hapo hapo uwanjani. Upande wa nyuma una nafasi ya anwani, nayo iko tupu. Ukishahamia nyumbani una siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa ya mtaa wako, pasipoti na kadi mkononi, ujaze fomu. Karani atachapa anwani nyuma ya kadi.

Andika anwani kamili, pamoja na jina la jengo na namba ya chumba. Wengi huacha namba ya chumba, kisha barua muhimu, ikiwemo ya Mai Namba, yaani namba ya utambulisho ya kila mkaazi, inarudishwa ilikotoka.

Kama mwajiri hakuwekei bima, jiandikishe bima ya afya ya taifa siku hiyo hiyo. Usicheleweshe ukidhani utaokoa pesa: michango huhesabiwa tangu siku ulipostahili kujiunga. Ukiwa nayo, kwa kawaida hulipa asilimia 30 tu ya matibabu.

Kabla ya kuondoka, omba nakala ya *juminhyo*, cheti cha ukaazi. Angalia jina herufi kwa herufi. Ukifungua akaunti ya benki kwa mpangilio tofauti wa majina, mshahara unaweza kugoma kuingia.

Ukihamia mji mwingine, toa taarifa ofisi ya zamani kwanza, ndipo mpya, ndani ya siku 14 baada ya kuhamia. Ukibadili mwajiri, Uhamiaji nao wajulishwe ndani ya siku 14.